UZI: Kula vizuri Goma kwa franka kidogo (sambaza, brosheti, resto za mama)

Katuba_7
Bandugu wa Goma, salamu kutoka Lubumbashi. Nitakuwa huko wiki tatu. Nalala Himbi, kazi iko Birere, chumba hakina jiko. Hoteli za kando ya ziwa zenye kitambaa mezani sizitaki. Nataka bukari (ugali), samaki, michopo (nyama ya kuchoma) na chai ya asubuhi kama mnavyokula wenyewe. Naomba kujua: sambaza nzuri, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, inatoka saa ngapi na wapi, vitu vinaitwaje huko nisije nikachekwa, na namna ya kula barabarani bila kuishia chooni. Bei msinitajie, najua zinapanda na kushuka na dola. Nifundisheni kuuliza tu.

Fundi_Sambaza
Karibu, ndugu. Goma mtu hafuati jina la resto, anafuata saa. Ukishika hilo umemaliza nusu ya kazi.

Sambaza inavuliwa usiku. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu unashushwa chini, taa zinawashwa, samaki wanakuja kwenye mwanga, wavu unainuliwa. Alfajiri mzigo uko kando ya ziwa, na Kituku njo soko lenyewe. Mama wa kukaanga wananunua mapema, kwa hiyo kuanzia saa tatu au nne asubuhi sufuria ziko motoni mitaa ya Birere, Virunga, Majengo. Hapo ndipo ule. Sambaza unayoikuta saa kumi na moja jioni mara nyingi ni ileile ya asubuhi iliyorudishwa kwenye mafuta.

Namna ya kuitambua bila kuuliza: iliyokaangwa mara moja ina rangi ya dhahabu, ukiikunja inapinda kidogo kabla ya kuvunjika, na nyama ya ndani ni nyeupe. Iliyorudishwa ni kahawia, ngumu kama kijiti, kichwa kinageuka unga ukikigusa, na mdomoni unaonja mafuta kabla ya samaki.

Ukifika kabla hajakaanga, tazama bakuli la samaki wabichi. Waliovuliwa usiku huo wanang'aa kama bati jipya na tumbo limefunga. Tumbo likipasuka na pembeni ya kichwa pakiwa pekundu, walilala. Hao watakuwa wachungu, kwa sababu sambaza inaliwa na matumbo yake yote, na tumbo likianza kuoza uchungu unaingia kwenye nyama. Ndimu haiondoi.

Sasa tazama mafuta. Mama anayejua kazi anatia samaki mmoja kwanza: akizama akakaa kimya, mafuta bado, akipanda palepale na mapovu, tayari. Anatia kiganja kimoja kwa mara moja, si sahani nzima. Ukiona amemwaga kilo nzima kwenye sufuria ndogo, ondoka. Mafuta yanapoa, samaki wanachemka badala ya kukaangika, wanashikana kuwa bonge moja, na kila mmoja anakunywa mafuta. Kiganja kimoja kinaomba dakika tatu au nne, si zaidi. Mafuta yenyewe yakiwa meusi, yanatoa povu jingi na moshi unachoma macho, yametumika siku nyingi.

Ukitaka kumwelekeza mtu akukaangie: kilo moja ya sambaza, ioshwe mara mbili, vijiko viwili vidogo vya chumvi, ikae kwenye chujio robo saa mpaka maji yaishe. Unga si lazima. Watu wengi wanaruka hiyo robo saa, ndiyo maana mafuta yanawarukia na samaki wanatoka laini.

Katuba_7
Asante sana mkubwa. Na zile siku ambazo hakuna?

Fundi_Sambaza
Hizo zipo kila mwezi, na sababu ni mwezi wenyewe. Mbalamwezi ikiwa nene, ziwa lote linang'aa, na taa ya mvuvi haina nguvu tena ya kukusanya samaki. Siku chache kabla na baada ya mwezi mpevu mzigo unapungua, bei inaruka, fungu linapungua. Siku hizo utauziwa sambaza kavu iliyolowekwa kana kwamba ni mbichi. Si mbaya, lakini isiwe kwa bei ya mbichi. Kavu iliyolowekwa haing'ai, macho yamezama, na ikikaangwa inakuwa bapa.

Jiko_la_Makala
Niongeze majina, maana huyu ndugu wa Katanga ataomba kitu atapewa kingine.

Bukari kwetu ni bugali, na wengi watasema fufu. Ukisema bugali tu, mama atakuuliza ya mihogo au ya mahindi. Ya kuchanganya ipo, na mimi naipendelea: mihogo inavuta, mahindi yanaipa mwili. Matamba, yaani majani ya mihogo, ni sombe. Lengalenga (mchicha) ni lengalenga. Michopo sahau, hapa utaomba brosheti, na utaje: ya mbuzi, ya ng'ombe, au zingalo, yaani matumbo ya mbuzi yaliyosokotwa kwenye kijiti. Ukisema "viazi" utaletewa viazi vitamu. Zile za mviringo unazotaka na nyama ni birayi, na zikikatwa na kukaangwa ni friti. Ndizi ya kukaanga ni makemba.

Halafu kitu kimoja kwa mtu wa Lubumbashi: kapenta ya ziwa Kariba na sambaza yetu ni samaki mmoja, Limnothrissa miodon. Kote kuwili alitolewa ziwa Tanganyika, Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, Kariba miaka ya 1960. Kwa hiyo usije ukamwambia mama wa Birere kwamba yenu ni tamu zaidi. Ni ndugu tumbo moja, yenu tu mmezoea kumla mkavu.

Katuba_7
Hahaha. Nitajaribu kunyamaza. Na Kituku, niende kula palepale samaki wanapotua?

Safari_Tamu
Nenda, asubuhi mapema, uone mitumbwi ya Idjwi na Minova ikishusha. Nanasi za Idjwi zikiwa zimefika, hutapata tamu kuliko hizo.

Mtoto_wa_Majengo
Apana, Safari. Usimutume mugeni Kituku kula. Kununua sawa, kuangalia sawa, kula apana. Maji ya kunawisha sahani kule inatoka mu ziwa moja kwa moja. Batu banachota na bido (dumu) palepale bengine banafulia na banaoga. Kolera iko mu Goma miaka na miaka, si habari ya kusikia. Kuko fasi kuna mutu wa kutia klore (dawa ya maji) mu bido, ile maji iko muzuri, lakini inaomba ingoje nusu saa mbele ya kutumika. Mama mwenye kuwa na bakiriya kumi banangoja sahani hangoje nusu saa.

Na nanasi ile, nunua nzima. Yenye imekatwa tayari imenyunyiziwa maji ili ikae mubichi kwa macho. Maji gani? Hauwezi kujua.

Safari_Tamu
Nimekubali kuhusu sahani na nanasi iliyokatwa. Lakini samaki aliyetoka kwenye mafuta yanayochemka akaingia kwenye karatasi safi, mikono yako umeinawa, hana kosa. Tatizo si Kituku, ni maji.

Mtoto_wa_Majengo
Sawa, apo tunasikilizana. Karatasi, si sahani yenye maji. Na kachumbari ya juu uikatae.

Jiko_la_Makala
Hapo kwenye kachumbari mkazie, maana ndiyo inayoangusha watu. Mtu anaogopa nyama, nyama haina shida, imetoka motoni. Anayemuumiza ni nyanya na kitunguu vilivyooshwa na maji ya bido na kukaa juani tangu saa tano. Vivyo hivyo kile kikombe cha pilipili mezani chenye kijiko kimoja cha watu wote. Kuna wanaoamini pilipili inaua vijidudu. Haiui. Ukitaka ukali, nunua kichupa cha pilipili ya mafuta utembee nacho. Matone mawili yanatosha, la tatu utajuta.

Tena juu ya barafu na jusi za kuchanganya kwenye ndoo, jibu ni moja: kataa. Chai na kahawa vilivyochemka, ndiyo. Chupa iliyofungwa, ndiyo.

Mama_wa_Saa_Sita
Mmesema samaki sana. Mtu hali sambaza wiki tatu. Nizungumze chakula cha mchana, kile wengine wanaita malewa: mabenchi mawili, sufuria nne, hema au mabati juu.

Sahani ya kawaida ni bugali au wali, maharage au mboga moja. Nyama, samaki, makayabu (samaki wa chumvi) vinahesabiwa juu yake. Kosa la mgeni ni kuuliza "sahani ngapi?" akaketi. Uliza hivi: "Mama, bugali na sombe ni ngapi? Ukiongeza samaki ni ngapi?" Upate majibu mawili kabla ya kukaa. Kuongezewa mchuzi au mboga kidogo hakulipiwi, ni kusema tu "Mama, ongeza kidogo" kwa adabu. Kuongezewa bugali wengine wanatoza, wengine hapana, uliza.

Njoo kati ya saa tano na nusu na saa saba. Kabla ya hapo maharage hayajaiva, na hili halisemwi vya kutosha. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Maharage makavu yasiyolowekwa yanaweza kuomba saa tatu au zaidi, na makala ni ghali, basi kuna anayeyatoa mapema. Maharage mekundu yasiyoiva sawasawa yanatapisha mtu kwelikweli, siyo gesi tu. Chukua punje moja, ibane kati ya ulimi na kaakaa: ikipondeka yote bila chembe ngumu katikati, kula. Ikiwa ngozi imelegea lakini katikati pana kokoto, rudisha. Wengine wanatia magadi ili yaive haraka. Utayajua kwa mchuzi wenye utelezi na ladha ya sabuni.

Baada ya saa nane, sufuria ya chini imeshapoa na kupashwa. Wali uliokaa vuguvugu saa nyingi ndio wa kuogopa kuliko vyote, hata kama haunuki. Bugali ina nafuu kwa kuwa inasongwa upya mara kwa mara. Ukimwona anasonga, kaa. Ukiona tonge zimefungwa kwenye sashe (mfuko wa plastiki) tangu asubuhi, zimetoa jasho, basi.

Bugali ya mihogo nzuri inavutika, haishiki vidole, na haina chembe nyeupe za unga mkavu. Harufu ya uchachu kidogo ni ya kawaida, mihogo imelowekwa siku kadhaa na hiyo ndiyo inaondoa sumu yake. Uchungu si wa kawaida. Sombe pia: majani lazima yatwangwe sana na yachemke muda mrefu sufuria ikiwa wazi. Sombe ya kijani kibichi kinachong'aa ni ya haraka. Iliyoiva ina rangi ya kijani cha giza, mawese yameelea juu, haikwaruzi koo.

Makayabu: onja kipande kidogo kwanza. Ikiwa chumvi inakuumiza ulimi, haikulowekwa usiku, na mama hawezi kuirekebisha mbele yako. Omba maharage.

Bukavu_Panda_Shuka
Napita tu kusema kwetu Bukavu, mtaa wa Kadutu, sahani inajaa zaidi. Endeleeni.

Mtoto_wa_Majengo
Panda milima yako urudi, tutaongea.

Katuba_7
Mama, asante, hilo la maharage sikulijua kabisa. Na tilapia? Naona watu wanataja samaki wa Vitshumbi.

Fundi_Sambaza
Vitshumbi ni ziwa Edouard, si Kivu. Samaki wa huko anakuja kwa barabara, kwa hiyo mbichi wake lazima umchunguze: jicho liwe limejaa, shavu likifunuliwa liwe jekundu, ukibonyeza nyama irudi. Akiwa amekaushwa kwa moshi ni salama zaidi, anaingia kwenye mchuzi wa nyanya au karanga. Ukiletewa tilapia nzima iliyokaangwa, pasua mgongoni karibu na kichwa. Pale ndipo panaiva mwisho. Damu ikionekana kwenye mfupa, arudi mafutani.

Makala_na_Kijiti
Zamu ya jioni. Brosheti inaanza saa kumi na moja, inachangamka saa moja. Usikae kabla hujaenda kuona jiko. Angalia mambo haya kwa macho yako.

Nyama iko wapi? Vijiti vibichi vinatakiwa vifunikwe, maana vumbi la mawe meusi ya Goma halipumziki, pikipiki moja ikipita unakula volkano ya Nyiragongo. Nyama mbichi ya mbuzi ni nyekundu iliyokolea na mafuta meupe. Ukiona vijiti vya kijivu vimepangwa pembeni, hivyo vimechemshwa mchana na vitapitishwa tu motoni. Vinatoka haraka, dakika tano, na vinatafunika kama kamba ya kiatu. Kijiti kibichi cha mbuzi kinaomba dakika kumi na tano mpaka ishirini. Mwambie: "Papa, niwekee mpya, nitangoja." Lipa kwa idadi ya vijiti uliyoagiza, na uhesabu vijiti vitupu kabla ya kulipa.

Moto uwe makala yenye majivu meupe juu, si ndimi za moto. Mafuta ya mbuzi yakidondoka kwenye moto unaowaka, nje inakuwa masizi na ndani damu. Mchomaji mzuri ana chupa ya maji yenye matundu kwenye kifuniko, ananyunyiza kidogo moto ukipanda. Kipande cha kwanza kula cha katikati ya kijiti, siyo cha ncha: katikati ikiwa imeiva, mara nyingi na vingine viko sawa. Maini yanaiva haraka, dakika sita au saba; yakizidi yanakuwa chaki.

Zingalo usianze nayo. Uzuri wake wote uko kwenye kuosha, na kuosha hukuoni. Jirani zako wa meza wakiagiza wote, agiza.

Pembeni chukua makemba au birayi. Friti zikaangwe mara mbili ndiyo zinatoka kavu. Ukipewa laini zinazong'aa, zimekaangwa mara moja kwenye mafuta ya vuguvugu.

Safari_Tamu
Asubuhi mmeisahau. Saa kumi na mbili mpaka saa moja na nusu, mandazi moto na chai. Shika ndazi mkononi: jepesi na linarudi ukilibonyeza, zuri. Zito, lina doa la mafuta kwenye karatasi, mafuta hayakuwa moto. Jeusi nje na unga mbichi katikati, mafuta yalizidi. Sambusa nyingi ndani ni birayi, ziliwe moto tu.

Bora zaidi kwa franka: mkate, avoka (parachichi) nzima unayoimenya mwenyewe, na mayai mawili ya kuchemsha. Yai la kuchemsha ndilo chakula salama kuliko vyote barabarani kwa sababu ganda halijafunguliwa. Chagua lisilo na ufa, menya mwenyewe, chumvi bila kachumbari. Ule mduara wa kijani kwenye kiini si uozo, limechemka sana tu.

Halafu fromaji (jibini) ya Masisi. Nunua kipande kilichokatwa mbele yako. Iwe ya manjano ya kufifia, ishikane, vitundu vidogo. Gurudumu lililovimba kama mpira usilinunue, lina gesi ndani. Ukikaa nayo chumbani bila frigo, ifunge kwa kitambaa kikavu, si sashe. Kwenye sashe inatoa jasho na kuota ukungu siku ya pili.

Katuba_7
Na kulipa? Dola au franka?

Jiko_la_Makala
Franka, na ndogondogo. Noti za 500 na 1000 ndizo zinakulisha. Ukimpa mama wa mandazi noti ya 20,000 saa kumi na mbili asubuhi hana chenji, na atakuchukia kwa haki. Dola yenye mpasuko hata wa kucha hakuna atakayeigusa. Vunja pesa jioni, siyo asubuhi.

Na kwa kuwa unashinda Birere: mchana kaa palepale, usipande moto (pikipiki) kwenda mbali kutafuta resto nzuri, nauli itakula sahani ya pili. Tafuta benchi ambalo watu wa chukudu (vile vigari vya mbao vya mizigo) na wabeba mizigo wamejaa. Hao wanalipa kila siku kwa jasho lao, hawadanganyiki, na sufuria yao inaisha kabla ya kupoa.

Mama_wa_Saa_Sita
Hilo ni kweli, lakini angalia na ndoo ya kunawia. Wanaume wa mizigo wana matumbo ya chuma.

Katuba_7
Nimeandika yote. La mwisho: nafika Jumatano. Nitajuaje kama mwezi ni mpevu bila kalenda?

Fundi_Sambaza
Usiku ukirudi Himbi, zima tochi barabarani. Ukiona kivuli chako juu ya mawe, kesho yake kula maharage ya Mama.

Mama_wa_Saa_Sita
Baada ya saa tano na nusu!